Wale Aliowapita Mzunguko Mzima

Zuhura mwanangu,

Habari za soksi, sufuria na dawa ya mafua ni za mama yako, na amezisema mpaka ukaziba masikio. Mimi huko siingii. Nimekaa jikoni, dirisha liko wazi. Wewe umetoka kwenda kuaga rafiki zako, mama yako amepitiwa na usingizi kwenye kochi na miwani yake usoni, na jua la Agosti limekaa juu ya ziwa kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado ameshikilia kitasa cha mlango. Nitaandika mpaka urudi.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kiswidi changu ni cha kuombea ruhusa kazini. Soma polepole. Neno likikushinda nipigie nikutafsirie. Aa, hapana, mpigie mama yako. Tafsiri ndiyo iliyoniponza.

Jana ulisema nisije stesheni kesho. Ulisema kwa upole, umeinamia zipu ya begi: "Pappa, kom inte i morgon." Baba, kesho usije. Mama anatosha, ukaongeza. Nikasema sawa, hamna neno. Halafu nikaingia bafuni, nikafungua maji, nikakaa pale ukingoni nikiyasikiliza yanavyomwagika. Iliniuma, mwanangu. Iliniuma sana. Lakini sikuandikii ili ubadilishe neno lako. Kesho unakwenda Umeå, mbali huko kaskazini, kusomea kazi ya kunyoosha viungo vya watu, na yapo mambo ya ile filamu ambayo sijawahi kukusimulia sawasawa. Sitaki uende na nusu.

Filamu unaijua. Ile ya maisha ya mkimbiaji wa Kihindi, mtoto wa muuza maziwa, aliyekimbia mpaka nchi nzima ikalijua jina lake. Ila wewe uliijua kwenye sebule yetu hapa Fittja, na mimi niliijua Buyenzi, na hizo ni filamu mbili.

Sisi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, filamu za Kihindi tulizichukua kama habari za ndugu zetu. Mzee Ramadhani alikuwa na kibanda cha video: televisheni juu ya pipa, blanketi dirishani, mabenchi yenye misumari iliyochana suruali za wengi. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kipaza sauti, kuwaambia watu wale wa kwenye picha wanasema nini. Waliniita Kasuku. Sasa sikiliza: Kihindi sikukijua hata neno la kuombea maji. Nilitazama macho yao, mikono yao, jinsi mama anavyouma ukingo wa sari, nikatunga. Mtu akigombana na mkwewe, mimi nawagombanisha kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, na umbea wa jirani fulani nauingiza humo humo. Watu hawakudanganyika. Walijua sijui. Walikuja kusikia leo Kasuku atasemaje.

Miaka ile mji wetu ulikuwa unaumwa. Usinilazimishe kuueleza hapa. Jioni ikiingia, kila mtu kwake, na wengine hawakuwa na kwao tena. Ndiyo maana filamu tulizionyesha mchana, jua kali nje, giza la blanketi ndani, na ukikaa mle kidogo ulisahau uko nchi gani. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa televisheni, polepole, na nyuso za watu zilikuwa na rangi ya bluu, utadhani tumekaa chini ya maji. Mpaka leo nikisinzia kwenye treni, ikivuka pale kwenye maji kutoka kituo cha Masmo, naziona nyuso zile dirishani. Nikifumbua macho ni Fittja, watu wanashuka na mifuko yao.

Ile filamu ilipofika, nilikuwa sijaitazama. Hayo ndiyo yalikuwa mazoea: mkanda unaingia, Kasuku anaruka nao papo hapo, hajui mbele kuna nini. Nikampenda yule mtu tangu utoto wake, anavyokimbia na ndoo za maziwa bila kumwaga. Watu wakampenda. Ilipofika mbio kubwa ya mwisho, mataifa yote yamekusanyika, benchi zima lilikuwa limeshikana mikono. Bastola ikalia. Akaongoza. Halafu kwenye kona ya mwisho miguu ikamkataa, watu watatu wakampita, na mimi nikasema nilichokiona. Ameshindwa, jamani. Hakupata kitu.

Palikuwa na mama mmoja, Mama Asha, muuza mkaa. Kijana wake alitoka asubuhi moja kwenda kununua mkate, hakurudi. Yeye kila siku alikaa benchi la mbele. Aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akanitazama.

"Kasuku," akasema, "hata humu ndani?"

Akatoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake mkanda ukarudiwa, na Mama Asha akarudi, sijui kwa nini, akakaa pale pale. Kona ya mwisho ikaja. Wale watatu wakampita. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Mnawaona hao mbele yake? Hao ni wale aliowapita mzunguko mzima! Amewazunguka, sasa anawakuta tena! Ameshinda, jamani, ameshinda!" Mwigizaji akalia, nikasema analia kwa furaha. Akamwagiwa maji kichwani, nikasema ni maji ya baraka. Kibanda kilipasuka kwa vigelegele. Mama Asha alipiga makofi mpaka kanga ikamdondoka.

Sikuona kosa siku ile, na hata leo, Mungu anisamehe, silioni. Kosa lilikuja baadaye, nilipotoka mle kibandani na kipaza sauti nikatoka nacho.

Ulipokuwa na miaka minne niliikuta filamu ile ile hapa Fittja, kwenye kapu la duka la Mpakistani mmoja, diski imekwaruzika. Nilipiga ukelele dukani mpaka mwenyewe akatoka na ufagio. Ndiyo ukaijua na wewe. Nje giza tangu mchana, theluji inashuka bila haraka mbele ya taa za barabarani, sisi wawili chini ya blanketi moja, sauti ya Kihindi chini kabisa, na baba yako anatafsiri. Shule ilikupa Kiswidi. Kiswahili chako, mwanangu, kilitoka kwenye midomo ya Wahindi ambao hawakukisema.

Unamkumbuka yule dada wa kaunta pale dukani? Aliichukua peremende yako iliyodondoka sakafuni akaitupa, nawe ukamnyooshea kidole na kimo chako kile: "Ewe adui wa baba yangu! Leo utanijua!" Yeye masikini hakuelewa, akakupa tabasamu. Kumbe nyuma yetu kulikuwa na mzee wa Kiganda anayekielewa Kiswahili. Alicheka mpaka akaegemea friji la maziwa. Miaka mingi baadaye, kila tukikutana naye msikitini ananiuliza, "Yule askari wako hajambo?"

Mimi nilijivuna. Nilidhani nimekupa lugha na nimekupa shujaa, yote kwa bei ya diski moja.

Ulipoanza kukimbia kwenye klabu ya riadha ndipo uliponishika. Tulikuwa tunaitazama tena, ukasimamisha picha, ukaisogelea televisheni. "Pappa, hii ni mita mia nne. Ni mzunguko mmoja tu. Sasa mtu anapitwaje mzunguko mzima?" Nikajikuna kichwa. Nikakohoa. Nikasema labda uwanja wa Wahindi ni mdogo. Ulicheka mpaka ukagaragara kwenye zulia, na mimi nikacheka nawe, na tangu hapo ikawa methali ya nyumba hii. Ukichelewa shule, waliofika kabla yako ni wale uliowapita mzunguko mzima. Mama yako akiunguza wali, basi wenye wali mweupe ni wale aliowapita mzunguko mzima. Hata mimi nilisahau kwamba maneno yale yalianzia kwa mwanamke anayejifunga kanga na kutoka.

Lakini kuna mara moja nilifanya hivyo hivyo na hakuna aliyecheka. Ulikuwa mdogo. Karakana nilimokuwa nafanya kazi kule Södertälje ilipunguza watu, nami nikapunguzwa. Sikusema nyumbani. Kila asubuhi nilivaa jaketi la kazi, nikapanda basi mpaka Tumba, treni mpaka Södertälje, nikakaa maktaba kutazama vitabu vya ndege, picha tu. Kuna ndege wao mmoja mweupe, shingo ndefu, jina limenitoka. Nilimtazama sana yule ndege. Jioni narudi na hadithi: bosi kasema hivi, mashine mpya imeletwa, wananitaka niwe mkubwa wa zamu. Hebu fikiria, nilijipandisha cheo wakati sina kazi!

Mama yako aliniacha niseme, jioni baada ya jioni, ananiongezea mchuzi. Siku moja akanishika mkono pale mezani, akaunusa.

"Baba Zuhura, mikono yako hainuki grisi."

Nikaanza kusema ni sabuni mpya.

"Siku nyingi hainuki," akasema. "Kula. Kesho tutatafuta wote."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nililia juu ya maharage, mtu mzima. Kumbe muda wote ule alikuwa amekaa benchi la mbele, anaona kwa macho yake wanaonipita, na kilichomuumiza si kupitwa kwangu. Ni kwamba nilimwacha aione mbio ile peke yake, na mimi nipo hapo hapo, nasema mambo mengine. Nilijifunza siku ile. Halafu nikasahau, maana mdomo una mazoea kuliko miguu.

Sasa mambo ya mwezi wa sita. Twende huko, usikunje uso.

Ule uwanja wa zamani wa matofali, pale mjini, ulikuwa umesubiri kukimbia humo tangu utotoni. Asubuhi hukula kitu, ukazungusha kijiko kwenye uji mpaka ukapoa. Tulikaa mimi na mama yako juu kidogo, jua linatupiga usoni. Bastola ikalia. Ulitoka vizuri sana, na hiyo si tafsiri, uliza mtu yeyote. Kwenye kona ya mwisho nikaona bega lako la kushoto linapanda. Bega lile nalijua tangu unajifunza kutembea: likipanda, umechoka na hutaki kusema. Wakakupita. Mmoja, halafu mwingine, halafu wote.

Na mimi nikasimama juu ya kiti. Haki ya Mungu sikukusudia. Uwanja ulinipotea, nikaona vumbi, nikaona nyuso za bluu, nikasikia sauti yangu inatoka kama inatoka kwa mtu mwingine: "Mnawaona hao mbele yake? Hao ni wale aliowapita mzunguko mzima! Zuhura anashinda, jamani! Ameshinda!"

Mama yako alinivuta shati. "Kaa chini wewe! Anakusikia!" Nyuma yetu walikuwapo vijana wanaojua Kiswahili, simu zao zimekwisha kunyanyuliwa. Ulivuka mstari nyuma ya wote, na sauti ya baba yako inautangazia uwanja mzima kwamba wewe ndiye wa kwanza. Ukageuza uso ukatafuta inakotoka. Nilikuona ukiniona.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ile video ilipita simu kwa simu, kwa Wakongo, kwa Wakenya, kwa Warundi wenzetu, Tumba mpaka Södertälje, na mpaka kwenye harusi moja mshereheshaji akachekesha watu kwa sentensi yangu, wewe umekaa pale na gauni lako la kijani. Uliinuka, ukalinyoosha gauni, ukatoka. Nilikutazama ukitoka na nikajua nimeshawahi kuuona mgongo ule, mahali pengine, umefungwa kanga. Kesho yake ukaenda kuvitupa viatu vyako vya misumari kwenye lile sanduku la nguo kuukuu kule chini. Tangu hapo hujakimbia hata kulifukuzia basi. Mabasi yanaondoka, unayatazama.

Niliomba radhi, ndiyo. Lakini niliomba kwa mzaha, nikapiga magoti kwa maringo, nikasema malkia nisamehe, na wewe ukaingia chumbani ukafunga mlango. Leo naomba bila magoti na bila malkia. Nisamehe, Zuhura. Nilikukosea.

Ulimwambia mama yako kwamba nilikuonea haya. Alinifikishia, usimlaumu. Si haya, mwanangu, ni woga. Niliona uso wako umeanza kugeuka kama wa Mama Asha, na kila kitu ndani yangu kikasema hapana, si huyu, si mbele ya macho yangu. Lakini wewe hukuwa Mama Asha. Mama Asha alipotelewa na mtoto. Wewe ulishindwa mbio, jambo la msichana mzima mwenye miguu miwili na kesho yake. Mimi ndiye niliyelifanya msiba, kwa kulifunika.

Wiki hii nimemwota yule mkimbiaji. Yule mwenyewe, siyo mwigizaji, ingawa uso wake wa kweli sijawahi kuuona. Alikuwa anatembea kwenye njia ya ziwani, hapa chini, na kaptula yake ya zamani, miguu ina vumbi jekundu. Hakuna mtu mwingine, na maji yalikuwa meupe na yametulia kama maziwa. Nikashuka nikamfuata. Ngazi hazikuisha, lakini sikuchoka. Tukakaa benchi moja. Nikasubiri aongee ili nimtafsirie, na yeye akanisemesha Kiswahili, tena cha Buyenzi, laini kabisa.

"Kasuku," akasema, "ile siku yangu uliipeleka wapi?"

Nikamwambia niliwapa watu, walikuwa na huzuni.

"Sawa, wale uliwapa," akasema. "Nyumbani kwako je? Mimi nilikimbia na watu hodari kuliko wote duniani, wakanipita watatu. Watatu tu! Mtoto wa muuza maziwa! Nilirudi kwetu, nikala, nikalala, nikaamka nikakimbia tena miaka mingi. Mtoto wako umempa ushindi ambao sikuupata, ukamnyima ile asubuhi ya pili yake."

Nikataka kujibu, nikaona kwamba mkononi nimeshika kipaza sauti na waya wake umeingia majini. Nikaamka. Mama yako akaniuliza nasema na nani.

Ndiyo hivyo. Filamu ile ilikuwa na sehemu baada ya mbio, nawe hujui, dakika nyingi tu: yupo nyumbani, anafua viatu, anamsaidia baba yake maziwa, halafu alfajiri anatoka tena barabarani peke yake. Sehemu ile sikuwahi kuitafsiri. Buyenzi watu walikuwa wameshainuka wanacheza, na hapa nyumbani nilikuwa nazima, nakwambia imekwisha, kalale. Umekua bila kuiona mpaka mwisho. Diski nimeiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Itazame siku yoyote, au usiitazame. Ina maandishi ya Kiswidi chini, ambayo mimi sikuwahi kuyawasha; hunihitaji.

Huko Umeå utapata mitihani itakayokukataa, na watu watakaokukataa, na majira ya baridi ambayo nasikia ni ya kikatili kuliko yetu. Sitaki kukuhubiria. Nakuomba kitu kimoja tu: ukishindwa, nipigie useme, "Baba, nimeshindwa." Nami nitasema, "Pole, mama." Basi. Sitaongeza. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, pole, pole, mpaka mama yako akaniuliza kama nimejigonga. Na mimi vilevile nikishindwa nitakwambia. Naanza leo. Nimeshindwa kuwa baba wa kukaa kimya kwenye kiti chake, na kesho utakapopanda treni nitakuwa hapa jikoni, na sitajifanya kwamba nilipenda.

Mwanga umebadilika, sasa ni wa shaba. Ziwa limelala. Watoto wa ghorofa ya chini wameitwa ndani, kwa Kituruki, kwa Kisomali, na mmoja kwa lugha nisiyoijua, lakini sauti ya mama anayeita mtoto haihitaji kutafsiriwa.

Subiri.

Kuna mtu anakimbia kule kwenye njia ya ziwani. Kwanza nilidhani ni mmoja wa Waswidi wa jioni, wale wenye nyaya masikioni. Lakini bega la kushoto.

Ni wewe. Kumbe rafiki hukuwaaga, au umewaaga mapema. Umevaa viatu vya mama yako, vile vyeupe vya kazini, anavyosimama navyo kutwa nzima akihudumia wazee. Nimesimama dirishani na kalamu mkononi na nimeziba mdomo kwa mkono mwingine, sikutanii. Nitaandika ninachokiona tu.

Unakimbia polepole. Viatu vinakupwaya. Mzee mmoja mwenye mbwa amekupita, wallahi, mzee na mbwa. Umefika kwenye benchi, umesimama, umeinama, umeshika magoti. Umekaa hivyo muda mrefu. Mtu mwingine angesema umemaliza. Mimi sijui kama umemaliza. Sasa umeinuka. Umefunga kamba za viatu upya. Unaendelea, bado polepole, umepita ile miti na sikuoni tena.

Sijui unakimbia kuelekea nini. Naona unakimbia. Hiyo yote ndiyo habari niliyo nayo, na nimeikalia hapa kwenye kiti cha jikoni kwa furaha ambayo haina maneno ya Kihindi wala ya Kiswahili.

Naongeza haya, maana barua haikuwa imekwisha.

Umeingia sasa hivi. Nilisikia lifti, nikaficha karatasi chini ya kikapu cha mkate. Umesimama mlangoni pa jikoni, jasho linakudondoka, viatu vya mama yako vimejaa mchanga. Ukalitazama dirisha, ukanitazama mimi.

"Såg du?" ukauliza. Uliona?

"Niliona."

"Na?"

Nikajua ni mtihani, na wewe ulijua kwamba nimejua. Wale watu wote wa Buyenzi walikuwa wameinuka kwenye mabenchi ndani ya kifua changu, wanasubiri vigelegele.

"Umekimbia polepole," nikasema. "Viatu vinakupwaya. Ulisimama pale kwenye benchi ukashika magoti. Na kuna mzee na mbwa wake walikupita."

Ukavitazama vile viatu. Nikadhani nimeharibu tena.

"Mbwa yule ana kasi," ukasema, safari hii kwa Kiswahili.

"Hana," nikasema. "Alikuwa anatembea."

Hapo ukacheka. Ulicheka mpaka ukashika ukuta, mama yako akaamka kwenye kochi akauliza kuna nini, miwani imemkaa upande. Ukanywa maji kwenye bomba, bila gilasi, kama siku zote, ukajifuta mdomo, ukaelekea chumbani. Halafu ukarudi hatua moja, ukanyoosha kidole chako kile kile.

"Kesho asubuhi, stesheni," ukasema. "Usichelewe, ewe adui wa baba yangu."

Baba yako,
Kasuku